Nani "alisema", nani "alidai": somo la Kiingereza tunalofundishwa nusu

Najua nimepotea kama wiki mbili hivi, test zimetubana na mtandao wa hapa hosteli unakuja na kuondoka kama maji ya bomba. Leo sina habari za foleni ya kusaini boom wala za wali wa kafeteria. Leo nimekuja na ugomvi, na ugomvi wenyewe ni juu ya kitu ambacho kila mmoja wenu amekifanya tangu shule ya msingi: kugeuza sentensi za Kiingereza kutoka kauli halisi kwenda kauli taarifa.

Mnakumbuka eh? "Now" inakuwa "then", "tomorrow" inakuwa "the next day", "this" inakuwa "that", "will" inakuwa "would". Unafuta alama za kunukuu, unachomeka "that" katikati, unapewa maksi zako mbili unakwenda zako. Tumelifanya msingi, tukalifanya tena sekondari, na wengi wetu hapa kitivo cha elimu tunajiandaa kwenda kulifundisha hivyo hivyo mpaka tustaafu. Mimi nasema hilo ni somo la nusu. Tena nusu tunayopewa ndiyo ile isiyomuuma mtu. Nusu yenye meno imeachwa nje ya mlango.

Nianze na hiyo nusu tunayopewa, nisije nikaambiwa naidharau. Kiswahili chetu hakina mambo ya kurudisha njeo nyuma. Asha akisema leo "naumwa", kesho mimi nasema "Asha alisema anaumwa", na hakuna anayenishangaa, maana wakati unahesabiwa kuanzia pale Asha alipofungua mdomo. Mwingereza anahesabu kuanzia pale anaposimama yeye anayesimulia, ndiyo maana anasema "Asha said she was sick". Kwa hiyo mtoto wetu anayeandika "Asha said she is sick" si mjinga, anafuata sikio la lugha aliyonyonya. Aelekezwe, sawa. Lakini jamani, hata hao wenye lugha yao hawaifuati sheria hii kama askari wa gwaride! Mtu akikwambia Jumatano kwamba atakuja Ijumaa, na wewe ukamwambia mwenzako siku hiyo hiyo "she said she's coming on Friday", hiyo ni sahihi kabisa, kwa sababu jambo lenyewe bado lipo mbele. Vitabu vizuri vya sarufi vinasema hivyo wazi. Mwalimu wetu anachora mkasi mwekundu.

Na ukiwasikiliza vijana wa Kimarekani kwenye video wanavyosimuliana ugomvi wao, hutasikia "she told me that she had been waiting". Utasikia "she was like", halafu maneno yenyewe yanafuata na sauti ya mhusika inaigizwa. Sawasawa na sisi kwenye vimbweta: akaja, akanambia "we dada vipi", nikamwambia "vipi nini?" Yaani kauli halisi ndiyo inatawala mdomoni, kwao na kwetu. Lakini hayo ni madogo. Tuyaache.

Kubwa ni kitenzi.

Chukua sentensi hizi tatu. "The student said he had paid." "The student claimed he had paid." "The student admitted he had paid." Kwa utaratibu wa darasani zote ziko sawa, njeo imerudi nyuma vizuri, tiki tatu. Sasa mwangalie huyo mwanafunzi. Maneno aliyotoa mdomoni ni yale yale mamoja, "I have paid". Katika ya kwanza ni mtu aliyesema jambo. Katika ya pili ni mtu wa kutiliwa mashaka, mwandishi anakukonyeza jicho kwamba usimwamini haraka. Katika ya tatu kulipa kumegeuka kosa, labda kalipa rushwa, maana huwezi "ku-admit" kitu kizuri. Mama yako akipika pilau hakiri kwamba amepika pilau! Mwanafunzi hakubadilika. Aliyebadilika ni anayetusimulia, na amejificha ndani ya neno moja ambalo sisi tunalipita mbio tukikimbilia kubadilisha "now" kuwa "then".

Kuna vitenzi vibaya zaidi ya hivyo, navyo ndivyo vinavyonitia hasira. Wanaisimu wawili, mke na mume, Paul na Carol Kiparsky, waliandika juu yake mwaka 1970 kwenye makala waliyoiita kwa neno moja tu, "Fact". Ni vile vitenzi vinavyobeba ukweli mgongoni: know, realise, discover, regret. Ukivitumia, unakuwa umeshakubali kwamba kinachofuata ni kweli, hata kabla hujaulizwa. Jaribio lake ni rahisi, lifanye hapo ulipo. Sema: "Juma hakugundua kwamba mpangaji wake ni mwizi." Umemkanusha Juma, lakini je, mpangaji amepona? Hakupona. Bado ni mwizi. Sasa sema: "Juma hakudai kwamba mpangaji wake ni mwizi." Hapo mpangaji yuko huru, hatujui lolote juu yake. Kanusho limefika kwenye kitenzi kimoja likagonga mwamba, kwenye kingine limepita moja kwa moja. Sasa fikiria mtu mwenye nia yake anayekijua kitu hiki, na wewe msomaji hujawahi kuambiwa kwamba kipo.

Mfano upo, na unatuhusu Waafrika. Tarehe 28 Januari 2003, Rais George W. Bush alihutubia Bunge la Marekani. Ndani ya hotuba ile kulikuwa na sentensi moja ambayo baadaye ilipata umaarufu wa peke yake, Wamarekani waliiita "yale maneno kumi na sita". Ilihusu Saddam Hussein kutafuta madini ya urani barani Afrika. Wengi waliibishania kwa habari yake. Mimi nawaomba mwiangalie kwa kitenzi chake. Bush hakusema kwamba serikali ya Uingereza "says", wala "believes". Alisema serikali ya Uingereza "has learned". Yaani imepata kujua! Huwezi "ku-learn" kitu ambacho si kweli. Oneni ujanja wake: kwa mkono mmoja habari amemtwika Mwingereza, siyo mimi niliyesema jamani, ni wao; kwa mkono wa pili kaigonga mhuri kwamba ni kweli tupu. Kauli taarifa safi kabisa. Angekuwa kidato cha pili angepata maksi zote.

Tarehe 7 Machi 2003 Mohamed ElBaradei, aliyekuwa mkuu wa shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, aliliambia Baraza la Usalama kwamba nyaraka zilizotajwa kuonyesha biashara ile kati ya Iraki na Niger hazikuwa halisi. Tarehe 20 Machi vita vikaanza. Julai mwaka huo huo Ikulu ya Marekani yenyewe ikasema sentensi ile haikupaswa kuwemo kwenye hotuba. Kwa haki niseme pia kwamba Waingereza hawakuikana habari yao, walishikilia kwamba walikuwa na vyanzo vingine, na ripoti ya Lord Butler ya mwaka 2004 ikawaunga mkono katika hilo. Sawa. Lakini wakuu wa ujasusi wa Marekani kwenyewe walikuwa na mashaka na habari hiyo. Mtu mwenye mashaka nyumbani kwake, akisimulia habari ya jirani, kitenzi chake halali ni "says". Basi. "Says" ingewaachia wasikilizaji swali la kujiuliza, "has learned" ililifunga.

Rafiki yangu mmoja, yuko sheria mwaka wa tatu, tulipobishana haya kimbwetani alinambia mimi natafuta siasa ndani ya sarufi. Nikamwuliza: kwenu mahakamani kwa nini magazeti huandika "alleged thief", na Kiswahili "ilidaiwa mahakamani hapo"? Akacheka. Anajua. Pale kitenzi cha mashaka kina kazi yake ya heshima, kinamlinda mtu ambaye bado hajahukumiwa, na kinamlinda mwandishi asishtakiwe kwa kumchafulia mtu jina. Kwa hiyo wanasheria wamefundishwa, na waandishi wa habari wanafundishwa. Mashirika makubwa ya habari ya Kiingereza huwaelekeza waandishi wao watumie "said" na wajihadhari na "claimed". Kumbe siri inajulikana! Wasioambiwa ni watoto wa shule za kata, na walimu wao watarajiwa ambao ni sisi.

Na si mambo ya Washington tu. Mwaka jana boom lilipochelewa, wale mwaka wa kwanza walikwenda utawala kwa amani kabisa, wengine wameshika karatasi za benki zinazoonyesha akaunti kavu. Gazeti moja la Kiingereza likaandika habari fupi. Niliisoma mara tatu. Wanafunzi "claimed" hawajapata fedha. Ofisi "explained" kwamba fedha zilishatumwa, kisha "clarified", kisha "noted" kwamba wanafunzi wengine hawakujaza taarifa zao vizuri. Hesabu mwenyewe: sisi tulidai, wao walieleza, wakafafanua, wakabainisha. Hakuna uongo hata mmoja ndani ya habari ile, kila neno mtu alilisema kweli. Lakini ukimaliza kuisoma unajua tayari nani mtu mzima na nani mtoto mlalamishi. Nilipoionyesha pale chumbani, watu wanne wa elimu, wote Kiingereza ni somo lao la kufundishia, mmoja tu ndiye aliyeona. Mwingine aliitazama akasema "lakini tense ziko sawa". Kweli zilikuwa sawa!

Twende sasa kwenye "discover", maana hii imetukalia kichwani mpaka tumeitafsiri na kuifanya ya kwetu. Nani hajawahi kuulizwa "nani aligundua Mlima Kilimanjaro?" Jibu la kukariri: Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na chama cha wamisionari cha Kiingereza, tarehe 11 Mei 1848. Kila mtu hucheka kidogo hapo, kwamba Wachaga walikuwa wapi, wamefumba macho? Kicheko hicho nakijua, lakini tunakiachia njiani. Habari yenyewe ni tamu zaidi. Siku ile Rebmann alikuwa na kiongozi wa msafara, Bwana Kheri. Rebmann alipouona weupe kule juu akamwuliza ni nini, na Rebmann mwenyewe aliandika kwamba mtu wake aliuita "baridi". Baridi! Mtu wa kwetu akataja jambo lenyewe kwa neno moja la Kiswahili. Wenye mlima walikuwa na jina lao, Kibo.

Habari zilipofika London mwaka 1849, palikuwa na bwana mmoja mtaalamu wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku lakini alikuwa ameandika mengi kuhusu bara letu kwa kukaa na vitabu na kuhoji wasafiri. Akakataa kabisa. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani, mmisionari kaota. Kwa miaka mingi akashikilia hivyo. Mwaka 1861 na 1862 Baron Karl Klaus von der Decken alikwenda mlimani mwenyewe, akapima, akapanda mpaka zaidi ya mita 4,000, na theluji ikaonekana ni theluji. Sasa tazameni safari ya kitenzi hapa. Bwana Kheri "aliita". Rebmann, kwa miaka zaidi ya kumi, mbele ya wakubwa wa London, alikuwa mtu wa "claims". Decken alipothibitisha, Rebmann akapandishwa cheo kwa kurudi nyuma, akawa "discovered". Jambo lenyewe, barafu ile, halikusogea hata inchi moja. Kilichohama ni kibali cha watu wa mbali. Na Bwana Kheri je? Yeye hakupandishwa. Kitenzi chake kimebaki pale pale, wala jina lake hamkuwahi kulikariri.

Hadithi ya ziwa ni hiyo hiyo, nitaipita haraka. John Hanning Speke alifika kusini mwa Nyanza tarehe 3 Agosti 1858. Habari za ziwa hilo yeye na Richard Burton walipewa Kaze, ndiyo Tabora ya leo, na wafanyabiashara Waarabu waliokuwa wakiijua njia. Mmoja wao Snay bin Amir. Speke akaliona, akasema hicho ndicho chanzo cha Nile, Burton akambishia miaka yote, na siku moja kabla ya mdahalo wao kule Bath, Septemba 1864, Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe. Kwa Burton, mwenzake alikuwa anadai. Vitabu vyetu vinasema aligundua. Snay bin Amir kwenye vitabu vingi hata kitenzi hana. Sisi tutakaokwenda kufundisha historia kwa Kiingereza kidato cha kwanza tutasimama ubaoni tutaandika nini? Nashauri "was told of". Speke aliambiwa habari za ziwa, akaenda, akaliona. Ni Kiingereza kizuri, ni kweli, na kinampa kila mtu kazi aliyoifanya.

Kuna wanaosema Kiswahili nacho kina ugonjwa huo huo, kwa hiyo nisiwaonee Waingereza. Nakubali nusu! Tuna kudai, kukiri, kukana, kubaini, kusisitiza. Na "eti" je? Lugha gani nyingine ina neno dogo lenye sumu kama "eti"? "Eti anaumwa." Mgonjwa hana hata nafasi ya kujitetea, ameshazikwa kwa herufi tatu. Sasa hapo ndipo ninapowashangaa walimu wetu. Mtoto wa darasa la pili anaijua tofauti ya "anaumwa" na "eti anaumwa", anaijua vizuri sana, akikosea nyumbani anachapwa. Sikio analo tayari! Ungemwambia tu kwamba "claimed" ina harufu ya "eti", na "realised" haina, angeondoka na somo kwa dakika kumi. Badala yake tunalizima sikio hilo tukamfundisha kwamba kuripoti ni hesabu ya kurudisha vitenzi nyuma hatua moja.

Madhara yake yako hapa hapa chuoni. Fungua esei yoyote ya hapa, hata hilo desa unalosomea sasa hivi. "Nyerere claims that", "Freire claims that", "Vygotsky states that", ukurasa mzima, mwandishi hajui kwamba ametoka kumtilia Mwalimu mashaka na kumwamini Mrusi! Amechagua neno asirudie lile la juu, basi. Geoff Thompson na Ye Yiyun walishaandika mwaka 1991 kwamba katika makala za kitaaluma kitenzi kimoja cha kuripoti kinabeba misimamo miwili, wa yule anayenukuliwa na wa yule anayenukuu. Hii ndiyo kazi ya kusoma chuo kikuu, kujua unasimama wapi na aliyesema anasimama wapi. Halafu mtu anapewa orodha ya maneno 30 ya kubadilishia "said" ili esei ipendeze, kama mtu anayebadilisha kanga.

Nilipokuwa TP nilijaribu. Kidato cha tatu, watoto 70 na zaidi, vitabu hamna. Nikaandika ubaoni kisa cha ndoo iliyopotea bombani, na maneno matatu tu aliyosema Neema wa kisa changu: "I took it." Nikawagawa: kundi moja ni rafiki zake, moja matroni, moja polisi, moja gazeti. Kila kundi liripoti. Rafiki wakaandika "explained". Matroni "admitted". Polisi "confessed". Gazeti wakagombana wao kwa wao dakika tano nzima, ndiyo furaha yangu kubwa niliyoipata TP. Kijana mmoja wa nyuma, asiyenyosha mkono siku zote, akauliza kwa Kiswahili (na mimi nikamwacha): "Mwalimu, kwa hiyo mtu anaweza kudanganya na kila alichoandika ni kweli?"

Aliyekuja kunikagua siku ile aliandika kwamba nimetoka nje ya andalio la somo na sikuwapa wanafunzi zoezi la kutosha la mabadiliko ya njeo. Nikapewa alama ya kati. Sina kinyongo naye, alikuwa na fomu yenye vipengele vyake na kitenzi hakikuwa kimojawapo. Kinyongo changu ni na fomu.

Alhamisi tuna semina ya mbinu za kufundishia na zamu ya kuwasilisha ni ya kundi letu. Nimewashawishi wenzangu tuachane na chati ya "now–then". Tunapeleka habari za magazeti, tunafuta vitenzi vya kuripoti kwa wino mweupe, tunawapa watu wajaze upya, halafu tuone nani kampa nani neno gani. Mwenye gazeti la Kiingereza la wiki hii asifungie maandazi, aniletee chumbani kabla ya Jumatano usiku.